Kupima Arseniki, Risasi na Zebaki Mwilini: Mwongozo kwa Familia na Wafanyakazi

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kando ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Miongoni mwa walioajiriwa pale baadaye alikuwa Phyllis Omido, mama aliyekuwa na mtoto anayenyonya. Mtoto akaanza kuugua. Matibabu ya kawaida hayakufua dafu, na chanzo hakikujulikana mpaka damu yake ilipopimwa risasi. Omido aliacha kazi, akasimama na wananchi wa mtaa ule, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Kisa hicho kina funzo kwa kila anayeishi au kufanya kazi karibu na metali nzito: maabara hujibu swali ililoulizwa tu. Kipimo cha malaria, wingi wa damu, sukari, ini na figo, vyote vinaweza kufanywa siku moja na visitaje risasi, zebaki wala arseniki hata kidogo. Lazima metali iombwe kwa jina, katika sampuli inayofaa, kwa wakati unaofaa. Ukikosea kimojawapo, utalipa fedha na kurudi nyumbani na majibu yasiyo na maana, au mabaya zaidi, na karatasi inayokuambia u mzima wakati sumu imo.

Nani anafaa kupimwa

Usisubiri dalili. Risasi huharibu ubongo wa mtoto kimyakimya, na dalili za metali hizi hufanana na za maradhi mengine mengi: uchovu, kuumwa tumbo, kukosa choo, ganzi za mikono na miguu, kusahau, mikono kutetemeka. Kinachopaswa kukupeleka maabara ni mazingira yako. Omba kupimwa ikiwa wewe au mtoto wako yumo katika mojawapo ya makundi haya:

- Wachimbaji wadogo wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki na kuichoma, pamoja na kila anayeishi katika nyumba au ua ambamo uchomaji hufanyika. Anayepuliza moto si peke yake anayevuta mvuke. Mke anayepika pembeni na mtoto aliyelala chumba cha pili wanauvuta pia.
- Mafundi wa betri, wanaoyeyusha risasi kwa ajili ya chubwi za nyavu, wachomaji wa vyuma chakavu na wanaokwangua rangi kuukuu, pamoja na watoto wao. Vumbi la kazini huingia nyumbani kwa nguo, viatu na nywele.
- Watoto walio chini ya miaka 6 wanaoishi karibu na shughuli hizo, au katika nyumba yenye rangi ya zamani inayobanduka, au wanaopakwa wanja wa manga. Wanja wa aina hiyo, unaotumika tangu zamani Pwani, Oman na Ghuba, mara nyingi hutengenezwa kwa jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi.
- Wajawazito wanaokula udongo. Ule uitwao pemba, unaouzwa sokoni kwa vipande, umepimwa na watafiti katika maeneo ya machimbo ya Geita na kukutwa na metali zenye sumu, arseniki ikiwamo.
- Wanaotumia mkorogo au krimu za kung'arisha ngozi zisizoeleza viambato vyake. Nyingi hupata nguvu yake kutokana na chumvi za zebaki.
- Wanaokunywa maji ya kisima katika kanda zenye dhahabu, ambako arseniki hukaa ndani ya miamba yenyewe. Maji yenye arseniki hayana rangi, harufu wala ladha tofauti, na kuyachemsha hakuitoi.

Waswahili wenzetu wengi wako pia ughaibuni. Nchini Marekani, watoto wa familia za wakimbizi, zikiwamo zinazotoka Kongo na Burundi, hupendekezwa kupimwa risasi ndani ya siku 90 baada ya kufika. Mtoto wako asirukwe; uliza kama ameshapimwa, na uombe karatasi ya majibu.

Kila metali ina sampuli yake

Risasi hupimwa katika damu. Mkojo hausaidii sana, wala nywele. Damu huonyesha risasi iliyoingia katika wiki na miezi ya karibuni, kwa kuwa nusu yake huondoka katika damu kwa takriban mwezi mmoja. Sehemu kubwa hujificha katika mifupa na kukaa humo miaka mingi, na wakati wa ujauzito inaweza kutoka mfupani na kurudi katika damu ya mama na ya mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mwanamke aliyefanya kazi ya betri zamani ana sababu ya kupimwa hata kama kazi aliiacha.

Zebaki huuliza kwanza: imeingia kwa njia gani? Mchimbaji anayevuta mvuke na mtumiaji wa mkorogo hupimwa mkojo, kwa sababu zebaki ya namna hiyo hukusanyika kwenye figo. Mtu anayekula sana samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa, nduaro na jodari, hupata zebaki ya aina nyingine iliyoungana na kaboni. Hiyo haitoki vizuri kwenye mkojo. Hupimwa katika damu au nywele. Mkojo safi wa mla papa haumwambii lolote kuhusu zebaki ya samaki.

Arseniki hupimwa katika mkojo. Katika damu hukaa saa chache tu, kwa hiyo damu hufaa pale mtu anapofikishwa hospitali mara tu baada ya kumeza sumu nyingi. Mkojo huonyesha yaliyoingia siku mbili tatu zilizopita. Nywele na kucha huweza kueleza habari za miezi iliyopita, lakini huchafuliwa kirahisi na maji yaleyale unayoogea, hivyo peke yake si ushahidi wa kutosha.

Kadimiamu hupimwa katika damu kwa yaliyoingia karibuni, na katika mkojo kwa yaliyojilimbikiza miaka mingi. Mvutaji wa sigara amwambie daktari, maana tumbaku yenyewe ina kadimiamu.

Jinsi ya kuomba kipimo

Daktari mwenye wagonjwa 60 kwenye foleni hatajua kwamba unachoma dhahabu usipomwambia. Anza na kazi na mazingira, kisha taja kipimo. Mama anaweza kusema hivi: "Shikamoo daktari. Mume wangu anachoma dhahabu kwa zebaki uani kwetu tangu mwaka jana. Naomba mimi na mtoto tupimwe zebaki kwenye mkojo." Fundi betri aseme: "Daktari, nayeyusha risasi kila wiki. Naomba kipimo cha risasi kwenye damu, nami nataka na mwanangu wa miaka 3 apimwe."

Hospitali nyingi hazina mashine ya kazi hii, na hilo lisikukatishe tamaa. Zinaweza kuchukua sampuli na kuituma. Tanzania kuna Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye makao makuu Dodoma na ofisi za kanda, zikiwamo za Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya. Kenya kuna Idara ya Mkemia wa Serikali, yenye maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu. Zipo pia maabara binafsi kubwa zinazopeleka sampuli nje ya nchi. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: mnapima metali gani kwa jina? Kwa sampuli gani? Kwa mashine gani? Na kiwango cha chini kabisa ambacho mashine hiyo huona ni kipi? Jibu zuri kwa swali la tatu ni ICP-MS au mashine ya AAS yenye tanuri la grafaiti. Maabara isiyoweza kujibu maswali haya haifai kupokea fedha zako.

Kabla ya kutoa sampuli

Kwa kipimo cha arseniki, acha vyakula vyote vya baharini kwa siku 4 au 5: samaki, pweza, ngisi, kamba, kaa, chaza na mwani. Viumbe wa bahari wana arseniki nyingi iliyofungwa katika umbo liitwalo arsenobetaini, ambalo mwili hulitoa lilivyo bila madhara. Mashine inayopima jumla ya arseniki haitofautishi umbo hilo na ile inayoua.

Chukulia mama wa Kilwa aliyekula pweza Jumamosi, na mkojo wake wa Jumatatu ukasoma arseniki mikrogramu 400 kwa lita. Familia nzima itaingiwa na hofu. Maabara ikitenganisha aina za arseniki, huenda ikakuta ile yenye sumu ni mikrogramu 10 au 12 tu, na iliyobaki yote ni ya pweza. Ndiyo maana jumla ikiwa kubwa, kipimo kinachofuata ni cha kutenganisha aina. Lakini usitegemee kipimo hicho kifute kosa la chakula: mwani na chaza hutoa pia umbo jingine linalofanana na mabaki ya arseniki yenye sumu. Kujizuia siku hizo chache ndiyo njia ya uhakika.

Kama umepigwa picha ya hospitali iliyohitaji dawa ya kung'arisha mishipa, yenye iodini au gadoliniamu, subiri siku 4 kabla ya kutoa mkojo au damu, maana dawa hizo zinaweza kuvuruga usomaji wa mashine. Orodhesha pia dawa zote unazotumia, za hospitali na za asili. Baadhi ya dawa za mitishamba, hasa za unga zitokazo mbali, zimewahi kukutwa na risasi, zebaki au arseniki zilizotiwa kwa makusudi.

Siku ya sampuli

Hapa ndipo majibu mengi huharibika, na kosa huwa dogo kabisa.

Mtoto anapochomwa kidole, vumbi lililo kwenye ngozi linaweza kuchanganyika na tone la damu na kuonyesha risasi ambayo haimo mwilini. Tazama kinachofanyika: mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, ikaushwe kwa karatasi safi, kidole kisiguse kitu tena hata nguo ya mama, kisha kifutwe kwa spiriti, na tone la kwanza lipanguswe kabla ya kukusanya yanayofuata. Muuguzi akiruka hatua mojawapo, mwombe kwa heshima aanze upya. Majibu ya kidole yakiwa juu, hayaaminiwi peke yake. Yathibitishwe kwa damu ya mshipa mkononi. Mashine ndogo za kidole zinazotumika sana vijijini husoma kuanzia mikrogramu 3.3 hadi 65 kwa desilita. Ikiandika kwamba ni juu ya hapo, ni dharura: mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Damu ya mshipa iwekwe katika chupa iliyothibitishwa kutokuwa na metali. Nyingi za chupa hizo zina kizibo cha buluu iliyokolea. Chupa ya kawaida inaweza yenyewe kuwa na chembe za metali.

Mkojo utolewe nyumbani au hospitali, si kazini, na si ukiwa na nguo za kazi. Oga kwanza, vaa nguo safi, nawa mikono, ndipo ukojoe katika kopo la plastiki ulilopewa na maabara. Usitumie chupa ya soda wala kopo la jamu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unafaa kwa wengi; daktari akitaka wa saa 24, kusanya kila tone, maana ukiacha mmoja tu hesabu inavurugika. Weka kwenye jokofu au barafu na upeleke mapema. Andika juu yake tarehe, saa, na siku uliyofanya kazi au kula samaki mara ya mwisho. Na uliza kama kreatinini itapimwa pia. Mtu aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi unaoficha metali, na asiyekunywa ana mzito unaoikuza. Kreatinini husahihisha tofauti hiyo.

Kusoma majibu

Angalia kizio kwanza, kisha namba. Risasi katika damu huandikwa kwa mikrogramu kwa desilita au kwa lita: 5 kwa desilita ni sawa na 50 kwa lita. Wazazi wengi hushtuka bure, au hutulia bure, kwa kutotazama herufi hizo chache mwishoni mwa mstari.

Kwa risasi hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasema kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kwa mtoto aliyefikia 45, dawa ya kutoa risasi mwilini hupendekezwa. Watafiti walipopima watoto wa umri wa mwaka 1 hadi karibu 5 wa Owino Uhuru, wastani ulikuwa 7.4, na katika mtaa mwingine wa Mombasa ulikuwa 3.7. Watoto wale walikuwa wakicheza na kutembea; kwa macho usingewatofautisha. Upande wa pili kuna Zamfara, Nigeria, ambako mwaka 2010 unga wa mawe ya dhahabu yenye risasi uliua watoto zaidi ya 400, na damu za waliopona zilikuwa na risasi mara nyingi zaidi ya kile kiwango cha 45.

Kwa zebaki katika mkojo, mtu asiye na kazi wala krimu yenye zebaki kwa kawaida huwa chini ya mikrogramu 5 kwa lita. Kikomo kinachotumika sana kwa wafanyakazi ni 20 kwa kila gramu ya kreatinini. Kwa arseniki, kikomo cha wafanyakazi ni 35 kwa lita, kikihesabu ile yenye sumu na mabaki yake, si jumla yenye samaki. Hivi ni vikomo vya watu wazima walioko kazini. Mtoto na mjamzito hawapimwi kwa mizani hiyo.

Majibu ya chini nayo yasomwe kwa akili. Mchimbaji ambaye hajachoma dhahabu kwa muda mrefu, au familia iliyobadilisha kisima mwezi uliopita, wanaweza kupata namba nzuri wakati madhara ya zamani yangalipo. Mweleze daktari tarehe, naye atapima pia figo, mishipa ya fahamu na ngozi. Madoa meusi na meupe kwenye ngozi, na sugu katika viganja na nyayo, ni dalili za arseniki ya muda mrefu hata kama mkojo wa leo ni safi.

Vipimo vya kukataa

Kuna watoa huduma wanaompa mtu dawa ya kuvuta metali, kama DMSA au EDTA, ndipo wanakusanya mkojo na kuulinganisha na viwango vya watu wasiopewa dawa. Dawa hiyo huvuta metali hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo kila anayepimwa hivyo huonekana ana sumu, kisha anauziwa tiba. Madaktari wa sumu wa Marekani, kupitia American College of Medical Toxicology, wamesema wazi kwamba kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi. Kikatae. Kataa pia mashine ya kushika kwa mkono inayodai kusoma metali zote kwa dakika moja, na orodha ndefu ya metali 20 kutoka katika unywele mmoja. Dawa za kuvuta metali zina madhara yake, na hutolewa hospitalini baada ya kipimo halali.

Baada ya majibu

Tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo. Kumpa mtoto dawa na kumrudisha kwenye vumbi lilelile ni kumwongezea mzigo. Hamisha uchomaji wa dhahabu mbali na makazi na utumie kifaa cha kunasa mvuke. Badilisha nguo kabla ya kuingia nyumbani, na zifuliwe peke yake. Acha mkorogo, wanja wa manga na udongo. Usifagie vumbi likiwa kavu. Futa kwa kitambaa chenye maji. Mpe mtoto chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, kama dagaa wa ziwani, maharage, mboga za majani na maziwa, kwa sababu mwili wenye upungufu wa madini hayo hufyonza risasi zaidi.

Pima na chanzo chenyewe. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita kwa arseniki, 10 kwa risasi, 6 kwa zebaki na 3 kwa kadimiamu. Peleka maji ya kisima, kipande cha udongo, krimu au wanja katika maabara ya Mkemia wa Serikali pamoja na majibu ya mgonjwa. Namba za pande mbili zikikutana, hakuna mwajiri wala muuzaji atakayekuambia ni mawazo yako. Mfanyakazi wa Tanzania aliyeumizwa kazini ana haki ya kufungua dai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndiyo yenye jukumu la kukagua mahali pake pa kazi. Kenya kazi hiyo ya ukaguzi ni ya idara ya usalama na afya kazini.

Kisha rudia kipimo. Risasi ya mtoto ipimwe tena baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, kwa sampuli ileile na ikiwezekana katika maabara ileile. Namba ikishuka, umepata chanzo sahihi. Isiposhuka, chanzo kingine bado kipo, na kutafuta kuendelee.

Tunza kila karatasi ya majibu, na waambie majirani ulichokuta. Sumu iliyomo katika kisima chako huenda imo katika kisima chao, na moshi unaoingia dirishani kwako unaingia kwao. Mpeleke mtoto akapimwe wiki hii, kabla dalili hazijaonekana, maana ubongo ulioharibiwa na risasi haurudi ulivyokuwa.